Wageni wangu nawapeleka Kalenga kwanza

Mgeni akinitembelea Iringa, mbuga ya Ruaha ataenda mwenyewe. Mimi nampeleka Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, kwenye ngome ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iliyotekwa na Wajerumani mwaka 1894. Jumba la makumbusho ni dogo, ila fuvu la Mkwawa limo, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954. Shemeji yangu wa Tanga, mwongeaji yule, pale alinyamaza kabisa.

Isimila nendeni asubuhi, jua halijawa kali: nguzo za udongo zilizochongwa na maji, na zana za mawe za watu wa kale. Kandambili hapana, jamani! Jioni tunapanda jiwe la Gangilonga kuutazama mji. Sweta muhimu, hasa Juni. Vikapu vya nyasi za milulu mnunue sokoni, lakini semeni “kamwene”, salamu ya Kihehe, kabla ya kuuliza bei.