Dresing tebo ya shangazi

Kwa takriban miaka miwili nilikuwa nikihifadhi kwenye simu picha za vyumba vya kifahari vya mtindo wa kale: makochi ya mahameli ya kijani cha zumaridi, taa za shaba njano, sakafu za miraba myeusi na myeupe, na makabati yaliyopakwa rangi hadi yakang'aa kama maji. Nilikuwa nikizitazama usiku, mara nyingi umeme ukiwa umekatika na feni imesimama, huku nikiamini kwamba sebule yangu ya Kijitonyama imepungukiwa na kitu kimoja tu, nacho ni fedha.

Fedha zilipopatikana kidogo nikanunua kochi la mahameli katika duka moja ambalo sina haja ya kulitaja. Liliingia nyumbani mwezi wa Februari, likapokewa kama bi harusi. Ilipofika katikati ya masika lilikuwa linanuka ukungu, na mkono wake wa kulia, ambao jua la alasiri huufikia kupitia dirisha la magharibi, ulikuwa umeanza kupauka na kuwa na rangi ya mchicha uliopikwa ukapitiliza. Mahameli ina vinyweleo, na vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoipa ule mng'aro wake wa kubadilika unapopitisha kiganja, lakini ndivyo pia vinavyoshika vumbi na unyevu, vitu viwili ambavyo Dar es Salaam haijawahi kuvikosa. Muuzaji alinihakikishia kwamba kitambaa hicho hakipauki, nami nikamwamini kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kumwamini.

Hasira hizo ndizo zilizonifanya nianze kusoma mtindo huu ulitoka wapi, badala ya kuendelea kuukodolea macho. Mzizi wake mmoja ni maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo yaliyofanyika Paris mwaka 1925, ambayo baadaye yaliupa jina mtindo unaoitwa Art Deco. Mafundi kama Émile-Jacques Ruhlmann walitengeneza samani za mbao adimu zilizopambwa kwa pembe za ndovu, kwa uangalifu wa sonara. Mzizi wa pili uko Marekani, katika mji wa filamu. William Haines alikuwa nyota wa filamu kabla hajaiacha kazi hiyo katika miaka ya 1930 na kuwa mpambaji wa nyumba za waigizaji wenzake, Joan Crawford akiwa mmoja wao. Dorothy Draper naye alikabidhiwa hoteli ya Greenbrier huko West Virginia, iliyokuwa imegeuzwa hospitali ya jeshi wakati wa vita, na ilipofunguliwa tena mwaka 1948 kuta zake zilikuwa na maua makubwa na mistari minene ambayo hakuna mgonjwa angeweza kulala akiitazama.

Nilipozirudia zile picha nikiwa na maarifa hayo, niliona jambo ambalo lilikuwa limenipita. Vyumba vile vilipendeza zaidi usiku, chini ya taa, na mtindo wenyewe ulikulia miongoni mwa watu waliozoea filamu zisizo na rangi, ambamo kitu hupendeza kwa kung'aa au kwa kutofautiana na jirani yake, weusi ukikaa kando ya weupe. Siri yake kubwa basi haikuwa mahameli wala dhahabu, bali mwanga, na kila kinachoupokea na kuurudisha. Mimi nilikuwa nimenunua kitambaa kinachoumeza mwanga, nikakiweka katika nyumba ambayo jua lake halihitaji kutafutwa.

Nikiwa na mawazo hayo nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu Upanga. Anaishi katika ghorofa mojawapo ya zile za zamani zilizotaifishwa mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na nimekuwa nikiingia humo tangu utotoni bila kuitazama. Siku hiyo niliitazama. Sakafu yake ni ya terazo, yaani vipande vya marumaru vilivyochanganywa na saruji, vikasagwa na kung'arishwa, na kati ya eneo la rangi ya maziwa na lile la wekundu wa tofali kumepitishwa utepe mwembamba wa shaba njano ambao miguu ya watu imeusugua kwa zaidi ya nusu karne. Saa kumi alasiri mwanga ulipita kwenye matundu ya saruji ya varanda, ukatua kwenye ile terazo, ukapanda ukutani. Nyumba nzima ilikuwa imewaka bila taa hata moja. Shangazi mwenyewe alikuwa akichambua mchele wala hajali.

Chumbani kwake kulikuwa na dresing tebo aliyoinunua kwa familia iliyokuwa inahama, yenye vioo vitatu, kile kikubwa cha katikati na viwili vya pembeni vilivyofungwa kwa bawaba, na droo ambazo nyuso zake zimebinuka mbele kama kifua cha njiwa. Alikuwa ameigeuza kabati la dawa na risiti za LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nilipoisifu akaniambia, "Ichukue, mwanangu, mimi uso wangu naujua."

Niliipeleka Keko. Niliyemkuta ni fundi mtu mzima, ambaye hakuigusa kwa dakika kadhaa, aliizunguka tu. Kisha akavuta droo moja akaigeuza chini juu kunionyesha pembe zake, meno ya mbao yanayoingiana kama vidole vya mikono miwili, bila msumari hata mmoja. "Mninga huu," akasema. Nilimwomba aikwangue yote aipige rangi nyeusi ya kung'aa, kama zile za kwenye simu yangu. Akachovya kipande cha pamba kwenye spiriti, akasugua mahali palipojificha nyuma ya mguu, na pamba ikatoka na rangi ya asali. "Dada, hii ni sheleki. Nikiikwangua utajuta."

Sheleki hutokana na utomvu wa vidudu vidogo vinavyoishi mitini huko India na Thailand, na tabia yake ni kwamba spiriti huilainisha tena hata baada ya miaka mingi, hivyo palipochubuka huzibwa bila kuondoa kilichobaki. Hupakwa kwa kibunda cha pamba kilichofungwa ndani ya kitambaa, tabaka jembamba juu ya jingine, na haivumilii maji wala kikombe cha chai ya moto. Kazi ilichukua siku tisa. Kuhusu vioo tulibishana kidogo, kwa kuwa vilikuwa na madoa meusi kingoni. Nyuma ya kioo cha namna hiyo kuna utando mwembamba wa fedha halisi, kwa mbinu iliyotokana na ugunduzi wa mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835, na hewa yenye chumvi ya bahari huuingia pembeni na kuuchafua. Yeye alitaka kuweka vipya. Mimi nikakataa, na bado nadhani nilikuwa sahihi, maana kioo kipya kingeifanya mbao ionekane imechoka.

Kochi limehamia ukuta usiofikiwa na jua na limevikwa kitambaa cha pamba cha rangi ya maziwa. Dresing tebo imekaa sebuleni, jambo ambalo wageni hulishangaa, mkabala na lile dirisha la magharibi, na kuanzia saa kumi vioo vyake vitatu hugawana jua na kulitupa kwenye kuta tatu tofauti. Droo zake huhifadhi leso za mezani na, kwa heshima ya mwenyewe, risiti za LUKU.

Shangazi alikuja kuiona Jumapili iliyopita. Hakusema chochote kuhusu mng'aro wake. Aliketi kwenye stuli, akavivuta vioo vya pembeni kwa ndani hadi akaweza kukiona kisogo chake mwenyewe, kisha akaniomba chanuo.