Minazi sabini na miwili

Mwaka 1994 nilikuwa darasa la tano, huko Pangani, na sehemu zenye asili tofauti zilinishinda kabisa. Moja ya nane kujumlisha moja ya sita, mimi nilijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, nikapata 2/14. Mwalimu akanikosesha kwa wino mwekundu, pembeni akaandika "KDS", yaani Kigawe Kidogo cha Shirika. Sikuona kosa langu liko wapi.

Wiki hiyohiyo ikagawanywa mirathi ya baba mkubwa. Arobaini imepita, madeni yamelipwa, limebaki shamba la minazi. Shehe alikaa barazani akataja warithi: mjane, thumuni (moja ya nane), kwa kuwa marehemu ameacha watoto, mama wa marehemu, yaani bibi yangu, sudusi (moja ya sita), kinachobaki ni cha mtoto wa kiume na wa kike, mafungu mawili kwa moja.

Thumuni na sudusi! Moyo ukanipiga. Ndiyo hesabu yangu ya shule.

"Minazi mingapi?"

"Sabini na miwili, shehe."

Akahesabu kwa vidole, taratibu: nane, kumi na sita, ishirini na nne. Kisha: sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne. "Zimekutana," akasema. Kipande cha nane na cha sita havilingani, huwezi kuvihesabu pamoja mpaka uvikate vyote viwe vya ishirini na nne. Katika mafungu 24, thumuni ni 3, sudusi ni 4, jumla 7. Yamebaki 17 ya watoto. Kila fungu minazi mitatu: mjane 9, bibi 12, binti 17, kaka yake 34.

Nikaokota kijiti, nikaandika jibu langu mchangani. 2/14 ni 1/7, na 1/7 ya minazi 72 ni kumi na kitu. Mjane na bibi, wote wawili, wangepata pungufu ya haki ya bibi peke yake! Nilimtazama pale mkekani, kimya, ametoka kumzika mwanawe. Nikafuta ile namba kwa mguu.

Alasiri nikapewa kopo la chokaa nitie alama kwenye minazi yake. Nilipofika wa kumi na moja akanishika mkono, akanipeleka kwenye mnazi uliopinda karibu na kisima.

"Huu aliupanda yeye," akasema. "Uwe wa kumi na mbili."