Tumbo ambalo halikuwa chango: siku yangu moja ya zamu

Saa 1:30 asubuhi. Napokea zamu ya upasuaji, hospitali ya wilaya. Wodi imetulia.

Saa 3:10. Binti wa miaka 11 anaingia mgongoni kwa mjomba wake. Bibi yuko nyuma na chupa ya dawa ya mizizi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ni chango tu, ila leo limemzidi."

Maumivu yalimwamsha saa 9 usiku, ghafla, chini ya kitovu upande wa kulia. Ametapika mara nne. Yanamkaba, yanalegea, yanarudi. Hana homa, hajavunja ungo.

Daktari aliye mafunzoni anasema kidole tumbo, na simlaumu, dalili zinafanana mno. Ila maumivu ya kidole tumbo mara nyingi huanza taratibu kitovuni, kisha huhamia kulia. Haya yalimkurupusha mtoto usingizini. Nikaihofia ovari, kiungo cha mayai ya uzazi: inapojisokota kwenye mishipa yake, damu hukwama humo.

Saa 4:00. Dripu imejaza kibofu, tunapiga altrasaundi. Ovari ya kulia imevimba kuliko ya kushoto, vifuko vya mayai vimesukumwa pembeni kama ushanga. Uvimbe ulioota ndani yake hamna. Kwa mabinti wadogo hata ovari isiyo na ugonjwa hujisokota, maana kano zinazoishika huwa ndefu. Damu bado inapita kidogo, na hapa ndipo wengi hukosea: wakiiona, husema tusubiri. Mimi siwezi kusubiri.

Saa 5:00. Bibi anashika kalamu ya kuweka saini, anasita. "Atakuja kuzaa?" Namwambia ana ovari mbili, na hii tunakwenda kuiokoa.

Saa 6:20. Thieta. Kidole tumbo ni kizima. Ovari imejizungusha mara mbili, rangi ya zambarau iliyoiva. Zamani ingekatwa palepale, na bado inaniuma nikifikiria mabinti waliopoteza ovari kwa sababu ya rangi tu. Weusi ule mara nyingi ni damu iliyokwama, ovari yenyewe haijafa. Tuliisokotoa, tukaifunika kwa shashi yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu. Dakika kumi kimya. Ukingo mmoja ukaanza kuwa mwekundu. Tukaiacha mahali pake.

Saa 9:00 alasiri. Binti wa miaka 17, maumivu ya ghafla katikati ya mzunguko wa hedhi. Namwomba mama yake atoke kidogo ndipo nimuulize ya hedhi na ya mahusiano. Kipimo cha mimba kwanza, kwani mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huua. Hasi. Ni kifuko cha ovari kimepasuka. Presha nzuri, damu tumboni ni kidogo. Dawa ya maumivu na uangalizi, kisu hakihitajiki.

Saa 12:00 jioni. Mtoto anaomba uji. Bibi ananivuta pembeni: nitajuaje kuwa si chango? Namjibu, tumbo likija ghafla kwa nguvu na matapishi, bibi, usingoje kukuche.

"Tulingoja pikipiki," anasema. "Usiku hakuna."

Naandika kwenye faili: altrasaundi ya marudio, wiki 6. Pembeni naongeza namba ya gari la wagonjwa, na namba hiyohiyo nampa bibi kwenye karatasi.