Bolti za Kobe

Jumapili usiku, Kisumu

Watu hudhani kufufua gari la zamani ni kazi ya injini na rangi. Wiki hii yote sijagusa injini wala rangi. Nimelala chali juu ya katoni iliyopasuliwa, chini ya Volkswagen Beetle ya 1970, kwenye gereji ya jua kali kando ya barabara ya Kibos, kutu ikinidondokea machoni, nikibembeleza bolti.

Nyumbani kwetu tuliliita kobe. Asiyelijua vizuri haoni kwamba gamba lake hutoka. Chini kuna sakafu ya bati yenye uti wa chuma katikati, na huko ndiko injini, gia na magurudumu vinakoshikwa. Bodi imekaa juu, imefungwa kwa bolti kuzunguka ukingo wote, kukiwa na ukanda wa mpira katikati ili maji yasipenye. Ukishatenganisha usukani, nyaya, mipira ya breki na ya petroli, ukafungua hizo bolti, wanaume wachache wanaibeba bodi na kuiweka pembeni. Vitabuni ni kazi ya asubuhi moja.

Bolti nyingi ni za milimita 8, spana nambari 13. Za pale mbele kwenye tangi, na za nyuma karibu na shokamzoba, ni nene zaidi, spana 17. Hizi nene zilitoka bila matata. Taabu iko kwenye zile ndogo za chini ya milango, kwa sababu zinapanda kutoka chini na kushika vyuma vyenye nyuzi, ile mikato ya mzunguko inayong'ata bolti, vilivyochomelewa ndani ya mfereji wa hita. Mjerumani alitengeneza mabomba mawili ya bati, moja kila upande, ya kuleta hewa moto kutoka kwenye injini iliyoko nyuma hadi miguuni mwa dereva. Hita! Kisumu hii, ambapo saa nne asubuhi shati limeshanata mgongoni.

Gari lilisimama miaka kwa mjomba huko Ahero, na Mto Nyando ukifurika hauchagui boma. Maji yaliingia, yakatoka, tope likabaki. Tulipotoboa mfereji wa kushoto ulitoka udongo mweusi wa Kano, mzito, bado una unyevu ingawa hatujaona mvua siku nyingi. Wapita njia wananiambia ni ziwa hilo linakula mabati. Ziwa letu ni la maji baridi, chumvi ya Mombasa haliijui. Aliyekula gari hili ni tope lililokaa ndani likishika maji mwaka baada ya mwaka. Kutu nayo hutaka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo ndani ya nyuzi inajibana yenyewe mpaka bolti na nati vinakuwa kitu kimoja.

Mwenye gereji tunamwita Jaduong', yaani mzee. Ana ATF, mafuta ya gia za otomatiki, na asetoni kwenye chupa ya soda, nusu kwa nusu, na kila akitaka kutumia anaitikisa kwanza maana ukiiacha inajitenga. Kwanza brashi ya waya mpaka kichwa cha bolti kionekane kona zake. Halafu dawa. Halafu anakigonga kwa nyundo, si kwa hasira, pigo fupi fupi za kuitikisa kutu ipasuke na dawa ipate njia ya kupanda. Halafu tunaiacha mpaka kesho. Vijana wa gereji wanaona tunapoteza muda. Nilipomuuliza kwa nini asitie paipu ndefu kwenye spana tumalize, alinitazama hivi. "Nyathina, mwanangu, paipu haina masikio."

Hiyo kauli nimeielewa kwa mkono. Unavaa soketi ya pembe sita (ya pembe kumi na mbili itakula kichwa, usijaribu), na kabla ya kulegeza, unakaza. Kidogo tu. Ukisikia mlio mkali, tak, hiyo ni kutu imeachia, na umepona. Unarudisha nusu mzunguko, unakaza tena, unapulizia, unarudisha. Unga mwekundu unaanza kutoka kwenye nyuzi, na kadiri unavyotoka ndivyo spana inavyokuwa nyepesi. Lakini kuna bolti nyingine haitoi mlio wowote. Inazunguka, unafurahi, kumbe inalainika kama mua unaosokotwa: kichwa kimegeuka, mguu umebaki pale pale. Hapo ndipo pa kuondoa mkono. Ukiongeza nguvu kidogo unabaki na kichwa ndani ya soketi.

Zikigoma namna hiyo, ni moto. Moto unashinda dawa zote za chupa, na ndio ninaouogopa. Hatukuwasha gesi mpaka tangi lilipotolewa na kuwekwa nje kabisa, mpira wa petroli ukazibwa, na lami ya kuzuia kelele ikabanduliwa sakafuni, maana hiyo ikishika moto inadondoka ikiwaka. Kijana mmoja alisimama na mchanga kwenye ndoo, akaambiwa asiguse simu. Jaduong' anachoma mpaka chuma kiwe chekundu, anaacha kipoe kidogo, kisha anagusisha mshumaa. Nta inayeyuka na unaiona inavutwa juu, inapotelea ndani ya nyuzi. Bolti ambayo ilikuwa imenikataa tangu Jumatatu ilitoka kwa racheti ya kawaida.

Zilizokatika hazikuniuma nilivyotarajia. Bolti mpya zinauzwa. Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, kwa hiyo vipuri bado vipo. Kisichouzwa kirahisi ni zile nyuzi zilizoko ndani ya bodi, na mtu akishaelewa hilo, mkono unabadilika: anaacha kuiokoa bolti. Kisiki kikibaki kimechomoza, tunachomelea nati juu yake, na joto la weldi lenyewe linasaidia kukilegeza. Kikikatikia ndani, ni kutia alama katikati kabisa, kutoboa kwa drili ya 6.8, na kupiga tapu ya 8, ya kukata nyuzi upya. Ile chombo ya kung'olea visiki, yenye nyuzi za kinyume, Jaduong' hataki hata kuiona. Chuma chake ni kigumu mno. Ikivunjikia ndani, drili haiikuni.

Upande wa betri hatukubembeleza mtu. Asidi ilishakula, chuma chenye nyuzi kilikuwa kimeng'oka na kinazunguka pamoja na bolti yake, unaweza kukizungusha mpaka Krismasi. Grinda. Mfereji wote huo unabadilishwa, lakini si leo, kwa sababu ndio unaoshika umbo la bodi. Ukiukata hivi hivi, bodi inakunjika katikati na mlango hautafunga tena maishani. Jana tumechomelea vyuma vya kukingama kwenye nafasi za milango yote miwili, tukapima kona kwa kona, vipimo nimeviandika kwa chaki ukutani na kuvipiga picha.

Sasa kuna mzozo. Jaduong' anataka tuweke bomba la mraba, nene, lisilooza. Anasema hita ya nini huku. Nilikuwa karibu kukubali, ndipo mjomba alipopiga simu. Nilitegemea hadithi zake za Safari Rally, jinsi Volkswagen ilivyoshinda 1954, 1957, 1962, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Leo hakuzigusa. Alisema alifundisha Timboroa, kule juu kwenye baridi, na asubuhi za kule, na mama watoto kiti cha mbele na mtoto mchanga mapajani, walisubiri injini ipate joto ndipo waondoke, ili miguu ipate joto.

"Hita itafanya kazi?"

"Itafanya, mjomba."

Jaduong' sijamwambia bado. Kesho nampigia muuza vipuri wa Nairobi kuulizia mifereji ya kweli, yenye matundu na vyuma vyake vya nyuzi, ya kushoto na kulia. Na kopo la grisi ya shaba, ya kupaka kila bolti kabla haijarudi.