Pete ya mpingo, mwaka wa sita

Watu wakiiona pete yangu huuliza swali lile lile: "Haivunjiki?" Huu ni mwaka wa sita naivaa, hapa hapa Mikindani, Mtwara, kusini mwa Tanzania, na jibu langu ni kwamba pete ya mti huvunjika. Ya mume wangu haikumaliza hata miezi minne tangu tuoane.

Alikuwa anashusha magunia ya korosho ghalani, kidole kikabanwa kati ya gunia na ubao wa lori. Kidole kilichubuka tu. Pete ikarudi nyumbani mfukoni, vipande viwili. Nililia, siwafichi. Hela ya dhahabu hatukuwa nayo, lakini zile pete tulizipenda kwa moyo wote.

Tukarudi kwa mzee aliyezichonga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Hebu niione."

Akavilaza vile vipande kiganjani, akatuonyesha kwa ncha ya kisu: pete imeachana sehemu mbili zinazotazamana. Nyuzi za mti, akasema, zinakwenda upande mmoja, na pete inazunguka. Kuna mahali nyuzi zinafuata mzunguko, hapo pana nguvu. Na kuna mahali pawili zinaukata, urefu wake hapo ni unene wa pete basi. Akachukua pete nyingine, iliyomharibikia akiichonga, akaweka kisu palepale, akagonga kwa mpini wa nyundo. Ta! Ikaachana. Na huo ni mpingo, mti unaozama majini, unaofanya patasi iwe butu.

Ya pili akaitengeneza kwa vibao vitatu vyembamba vilivyogundishwa pamoja, cha katikati nyuzi zake zikikingama na za wenzake. Hiyo ndiyo mume wangu anayobebea magunia mpaka leo.

Yangu ni ile ile ya kwanza, ya kipande kimoja, na imedumu kwa kutunzwa. Naivua nikifua, nikikuna nazi, nikikanda unga. Maji yenyewe siyaogopi sana. Naogopa kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, maana mti huvimba na kusinyaa kila mara. Siku moja niliisahau kwenye beseni la nguo usiku kucha. Asubuhi weusi umefifia, rangi kama majivu, na kwa ndani ufa mwembamba kama unywele. Babu aliupenyeza gundi, akapiga msasa laini. Nikipitisha ukucha bado nausikia.

Kuipaka, tumieni nta ya nyuki. Mafuta ya nazi nilijaribu mwanzoni. Hayakauki, yanashika vumbi, pete inanata. Mpingo huu huu wa kusini ndio unaotengenezewa klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, huko Ulaya, na wapigaji nao wanahangaika na nyufa za unyevu kama mimi. Nilipolijua hilo nilifarijika kweli.

Jambo moja mlijue kabla ya kuagiza: pete ya mti haitanuliwi. Fundi anaweza kuisugua kwa ndani, lakini inazidi kuwa nyembamba. Nilipokuwa mjamzito, vidole vilivimba mwezi wa saba, nikaivua na kuifunga kwenye pindo la kanga. Mtoto alipofika siku arobaini nikaijaribu. Ilikwama kwenye kifundo cha kidole, nikaizungusha taratibu, ikaingia.