Nilifanya, au tulifanya?

Jumapili, usiku

Leo nimefuta kurasa mbili na nusu za wasifu wangu, na moyo haujauma kama nilivyoogopa. Miaka tisa ya utunza stoo ilikuwa imelala mle: cheo, tarehe, kisha orodha ya majukumu niliyoinakili neno kwa neno kutoka kwenye barua ya ajira. "Kuhusika na utunzaji wa kumbukumbu. Kuwajibika na upokeaji wa mizigo." Nimeutuma mara 11 kuomba nafasi za uchambuzi wa data, kazi ninayoitaka kwa moyo wote sasa. Nimejibiwa mara mbili, na mara zote mbili ni kushukuriwa tu.

Asubuhi rafiki yangu, ambaye kazini kwake husoma maombi ya kazi, aliniambia nimsomee kwa sauti. Mstari wa tatu akanikatisha: "Sasa wewe ulifanya nini?"

Nikaanza kumsimulia. Kufunga hesabu za stoo kila mwisho wa mwezi kulikuwa kukitumalizia siku nne, daftari hili na lile. Nikatengeneza jedwali la Excel linalolinganisha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki rafuni, ikawa kazi ya nusu siku. Jedwali hilohilo likaonyesha kwamba bidhaa zinazotuishia muda ni zile tulizokuwa tunaagiza kwa mazoea, bila kuangalia zinatoka kwa kasi gani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hayo yako wapi humu?"

Hayakuwepo.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa. Katika "kuhusika" hamna mtu. "Utunzaji" hausemi nani alitunza. Kiswahili kina fadhila yake: kitenzi kikisimama sawasawa kinamtaja aliyetenda, nili-, tuli-, wali-. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya majina marefu yanayosikika ya kiofisi, na msomaji asingeweza kuniona hata angetaka.

Kwa hiyo nikaanza upya na nili-. Nilitengeneza. Niligundua. Nilipendekeza. Mambo yakaenda vizuri hadi nilipoandika "Nilipunguza hasara ya bidhaa zilizoisha muda," mkono ukasita. Sikupunguza peke yangu. Mwenzangu wa zamu ya usiku ndiye aliyekuwa akiandika tarehe kwenye kila katoni, na bila tarehe zake jedwali langu lingekuwa tupu. Nikaandika "Tulipunguza." Hapo nami nikapotea tena, maana mwajiri anataka kujua mchango wangu ni upi. Nimekaa na sentensi hiyo moja karibu saa nzima, na siioni kuwa saa iliyopotea. Mwishowe imekuwa: "Nilitengeneza jedwali la kufuatilia tarehe za kwisha muda, tukalitumia watu watatu kupunguza hasara stoo." Asilimia sijaweka. Hatukuwahi kuipima, na sitaki kukaa kwenye usaili nikitetea tarakimu niliyoibuni.

Mpangilio nao nimeugeuza. Hapa nilikumbuka barua ya Leonardo da Vinci kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, ya mnamo 1482. Alikuwa amefunzwa uchoraji, lakini alianza na madaraja mepesi ya kubebeka na zana za vita, kwa kuwa ndiyo shida ya mtawala yule. Uchoraji ukaja karibu na mwisho. Mpangilio huo nimeuiga: Excel na mafunzo yangu ya SQL, lugha ya kompyuta ya kuchota taarifa kwenye hifadhidata, yako juu, vyeo vya stoo vinafuata. Ila sehemu kubwa ya barua yake ni ahadi, atafanya hiki, anajua mbinu za kile. Mimi anayebadilisha kazi siwezi kutegemea nita-. Naamini nguvu yangu iko kwenye nili-.

Na majina ya vitu. Tangazo linasema "kusafisha data." Miaka yote mimi naita kusahihisha daftari: jina la bidhaa moja limeandikwa kwa namna tatu, unarudisha kuwa moja. Ni kazi ileile. Nimeiita kama tangazo linavyoiita, maana maombi mengine hupita kwanza kwenye programu inayotafuta maneno ya tangazo. Kwa sababu hiyohiyo nimeondoa mpangilio wa safu mbili na visanduku, ambavyo programu hizo huweza kuvisoma vibaya. Hali ya ndoa nayo imetoka, haikuulizwa.

Umebaki ukurasa mmoja na robo.

Kabla ya kulala nilimtumia mwenzangu wa zamu ya usiku ile sentensi yetu, nikamuuliza kama nimeiandika kwa haki. Amejibu sasa hivi: "Iko sawa, dada. Ila tulikuwa wanne. Umemsahau kijana wa kupakua mizigo, yeye ndiye alikuwa ananisomea tarehe."

Nimewasha tena kompyuta. Watu wanne.