Faili la Excel lifunguke kwenye mstari mtupu wa shiti ya Mauzo

Excel hufungua faili pale lilipokuwa lilipohifadhiwa mara ya mwisho. Aliyelihifadhi akiwa kwenye shiti ya Stoo, wote watakaolifungua wataanzia Stoo. Dawa ni makro hii (maagizo ambayo Excel huyatekeleza yenyewe faili likifunguliwa):

Private Sub Workbook_Open()
With Worksheets("Mauzo")
Application.Goto .Cells(.Rows.Count, 1).End(xlUp).Offset(1, 0)
End With
End Sub

Bonyeza Alt+F11 ili dirisha la kuandikia makro lifunguke, kisha ubofye ThisWorkbook mara mbili na uibandike humo. Hapa ndipo wengi hukosea: ukiiweka kwenye Module1 (ukurasa wa kawaida wa makro) haitajiendesha, wala hutaona ujumbe wowote wa kosa. Nukta zilizo mbele ya Cells na Rows nazo usiziache, la sivyo itahesabu mistari ya shiti iliyo wazi wakati huo.

Kwa nini amri ya Goto na si ile ya Select? Select hutoa kosa 1004 ikiwa shiti ya Mauzo haiko mbele. Goto huileta yenyewe, mradi haijafichwa. Ukiongeza ", True" mwishoni mwa mstari wa Goto, seli hupanda hadi juu ya dirisha na mauzo ya nyuma hayaonekani, kwa hiyo mimi siiongezi.

Hifadhi kwa .xlsm; .xlsx hutupa makro zote. Anayefungua naye lazima aruhusu makro.